Kinyozi wa Miti

Nilikuwa kibandani kwangu Chaka nikipanga vitunguu wakati Watiri, mke wa ndugu yangu, aliponipigia simu.

"Mama Lynn, kisima kimeanguka. Kingori yuko ndani."

Nilimuuliza kama Kingori anaongea. Alilia tu. Nikajua Mungu ameshamchukua.

Kingori alinifuata kuzaliwa, huko kwetu Tetu. Kanisani aliimba besi. Kazi yake ilikuwa kupogoa miti mjini Nyeri. Alipanda mtini na panga na brashi ya waya, akakwangua manyoya ya kijani, ndevu za kijivu na kila kimea kilichojishikiza juu ya matawi, kisha akapaka shina chokaa. Wenye ploti walipenda mti safi. Walimwita Kinyozi.

"Kinyozi, huyu mzee wangu mtoe ndevu!"

"Nikimtoa atatafuta bibi mwingine!"

Sisi sote tuliamini vile vimea vinaunyonya mti kama kupe. Mama yetu mwenyewe alimwambia anyoe mikuyu iliyo juu ya chemchemi yetu, naye akainyoa. Wakati huo mji ulikuwa unatusogelea. Majirani waliuza mashamba, miti ya mteremko ikakatwa, ghorofa zikapanda.

Chemchemi ikaanza kupungua. Asubuhi moja ya ukungu Kingori alisimama na Mama chini ya mikuyu, akajipapasa shingo.

"Zamani hapa ungelowa kama umenyeshewa. Sasa ukungu unapita tu, hauna pa kushika. Mama, tulinyoa maji."

"Ati ni sisi peke yetu? Na hizo ghorofa zilinyoa nini?"

Hakucheka. Alienda mtoni, akaokota matawi yaliyoanguka yakiwa bado na manyoya, akayafunga juu ya mikuyu kwa kamba ya katani. Lakini hewa yetu haikuwa ile tena. Vumbi la ujenzi na joto la mabati viliyakausha yakawa ya manjano, yakadondoka.

Mama akasema maji yakiisha atauza ng'ombe ahamie kwangu Chaka. Kingori alikataa kabisa. Kila jioni niliomba Mungu atuachie hata maji ya kunywa, ili Mama abaki nyumbani kwake.

"Mama haendi popote," Kingori aliniambia kwa simu. "Nitayafuata yalikojificha."

Alianza kuchimba pale chemchemi ilipokuwa, akazidi kwenda chini, bila kuweka mbao za kuzuia udongo. Ukuta mmoja ukamwangukia. Vijana walipomtoa, nguo zake zilikuwa kavu.

Tulimzika Ijumaa. Maji ya kuwapikia waombolezaji yaliletwa na lori. Kwaya iliimba, na besi ilikuwa hafifu. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Watiri alitupa udongo, kisha mimi. Mama alikuwa wa mwisho. Aliinama akasema, "Lala, mtoto wangu. Yesu akupokee." Wanaume wakafukia, tukaweka maua. Mama alifunga mlango wa nyumba yake, akanipa ufunguo, tukaondoka naye kwenda Chaka.