Rim za 17, mahari ya Gatuanyaga, na pickup ya mbuzi iliyoniokoa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kuna kijana jana aliuliza kama apandishe gari lake kutoka rim za inchi 16 hadi 19 "ili lisimame vizuri." Nimesoma majibu yenu. Wengi mmemcheka tu.

Mimi nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe. Sitatia chumvi, kwa sababu mke wangu husoma jukwaa hili, alikuwepo, na akiona uongo ataandika hapa chini bila huruma.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa diploma ya mechanical. Sikusomeshwa na mjomba tajiri wala sikuwa na mtu serikalini. Nilienda Botswana na mkoba mmoja, nikafanya kazi ya kutengeneza mashine za mgodi miaka kadhaa, na katikati ya miaka ya tisini nikarudi nyumbani na vitu vyangu vyote vimelipiwa. Nikanunua ploti Ruiru, nikafungua karakana ya matangi na milango ya chuma Thika. Milango mingi mnayoiona pale mjini ilipitia mikononi mwangu. Nasema tu ukweli.

Sasa, gari.

Wakati huo magari yalikuwa yameanza kumiminika kutoka Dubai na Japani. Langu lilitoka Dubai, saloon kubwa ya Kijapani, nyeupe, na chini yake rim za 17 zinazong'aa hadi ungeweza kuchana nywele ukijitazama.

Wakuu, mnaojua magari ya leo tu hamtaelewa. Ruiru nzima wakati huo ilikuwa inatembea na 13. Mwenye 14 alionekana amefika. Mimi nikija na 17, watu walikuwa wanatoka kinyozi wakiwa wamenyolewa nusu ili waje waone. Nilikuwa naegesha mahali ambapo jua linapiga rim moja kwa moja. Kwa nini nizifiche? Nilizifanyia kazi.

Shida ilianza tairi zilipoisha.

Nikaenda kwa Mama Shiku, aliyekuwa na duka la tairi Thika. Mama mmoja mnene, mchangamfu, anajua gari la kila mtu kwa size ya tairi kuliko anavyolijua kwa namba. Alizunguka gari langu, akainama, akasoma ubavuni mwa tairi, akainuka.

"Injinia, hii sina."

"Utapata lini?"

"Nilete nimuuzie nani? Thika hii yote ni wewe peke yako."

Nikafurahi kusikia hivyo, sitadanganya. Akapiga simu kwa mtu wake wa Nairobi, akasikiliza, akanitajia bei.

Nikamwambia hiyo ni sawa, kwa nne si mbaya.

"Si nne," akasema. "Ni moja."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka mpaka wakashika ukuta. Bei ya tairi langu moja ingemvalisha jirani yangu gari zima, abaki na ya mafuta.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Rim ikiwa kubwa, tairi linabaki jembamba, kama chapati iliyobandikwa ukingoni. Mpira ni kidogo lakini bei ni kubwa, kwa sababu yanatengenezwa machache na yanaagizwa mbali. Halafu huo wembamba hauna nafasi ya kumeza shimo. Shimo ambalo tairi la 13 linalipita kwa kudunda tu, la 17 linapasuka na rim inapinda.

Kuna fundi aliniambia anichongee upya yale ya zamani, yaani achore mistari kwa kisu cha moto yaonekane mapya. Wengi walifanya hivyo miaka hiyo. Nilikataa. Mimi najua kilicho ndani ya tairi, sichezi na waya wake.

Nikanunua moja. Hilo na lile la spare nikayafunga mbele. Nyuma yakabaki yale ya Dubai, vipara kama kichwa changu cha leo. Na kwenye buti hakukuwa na spare, maana yale yaliyotoka mbele yalikuwa yameisha hadi waya.

Kwa nini sikununua yote manne? Kwa sababu ya Njoki.

Njoki alikuwa mwalimu Thika. Nilikutana naye alipokuja kuagiza mlango wa ofisi ya shule, akanipigania bei mpaka nikajikuta namwekea na kufuli bure. Nikajua huyu ndiye. Kwao ni Gatuanyaga, ng'ambo ya Thika, upande ule mkavu wa vumbi. Siku ya ruracio, yaani kupeleka mahari, ilikuwa imepangwa Jumamosi. Nilichokuwa nacho benki kilitosha kitu kimoja: ama tairi tatu zilizobaki, ama kuanza mahari kwa heshima. Vyote viwili havikuwezekana.

Na mahari si mchezo. Kwetu inahesabiwa kwa mbuzi hata kama unalipa pesa. Wazee wa upande wa msichana wakitaja hesabu inayokushinda, mnarudi nyumbani mkajipange upya. Njoki alikuwa ameniambia wazi: "Ukirudishwa, baba yangu mkubwa hatakubali tukae kikao kingine mwaka huu. Ana mtu wake anayetaka anioe." Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo, au nimpoteze.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, Mzee Karanja. Asubuhi ile alifika Ruiru na shangazi Wambui, akaliona gari nimelipiga polishi, akasimama.

"Hii tunaenda nayo?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Iache. Twende sote kwa pickup ya Musa."

Musa alikuwa rafiki yangu, mfanyabiashara wa mbuzi Thika, na ndiye aliyetuuzia mbuzi wa siku hiyo. Alikuwa anatungoja Thika nao kwenye pickup.

Nikamuuliza baba mdogo kwa nini.

"Wazee wa huko wanajua kuhesabu," akasema. "Usiwapelekee kitu cha kuhesabia."

Sikukubali. Gari ni langu, jasho ni langu, na siku ya kuonyesha kwamba nimefaulu ni hiyo. Shangazi akapanda mbele akasema, "Mwache mtoto aringe, si yake?" Tukaondoka, tukapita Juja na Witeithie, tukamchukua Musa Thika akatufuata nyuma. Njia nzima shangazi alikuwa anapungia watu mkono kama mke wa waziri.

Tukaingia barabara ya Gatuanyaga.

Niliendesha kwa adabu, nawaapia. Lakini vumbi la lori lililokuwa mbele lilifunika barabara yote, na shimo lenyewe lilikuwa na mdomo mkali kama kopo lililofunguliwa. Nikasikia mlio, gari likakaa upande wa nyuma kama ng'ombe aliyechoka.

Nikashuka. Tairi limepasuka ubavu mzima, rim imepinda.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kwenye hicho nilichotaka kumwambia yule kijana.

Desturi ya upande wetu ilikuwa kwamba ukiona mtu ameinua gari kwa jeki unasimama. Hujali kama mnajuana. Unamwazima spare yako, anakuambia yuko wapi, anakurudishia siku ya soko. Nusu ya spare za Thika zilikuwa kwenye magari ya watu wengine.

Basi watu wakasimama. Wa kwanza alikuwa na pickup ndogo. Akatoa spare yake bila hata kuulizwa, akaileta akiivingirisha, akafika kwenye gari langu akaangalia, akaangalia spare yake, akaivingirisha kurudi.

Wa pili akaja. Ya 13, matundu manne ya bolti. Langu lina matano, na hata yangelingana, breki zangu zisingeingia ndani.

Wa tatu hakushuka. Alitoa kichwa dirishani. "Boss, hiyo umefunga sinia la harusi?"

"Ni rim za 17," nikamwambia.

"Basi ngoja mwenzako wa 17 apite."

Shangazi akacheka mpaka akalazimika kufungua mkanda wa sketi. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa anaangalia jua. Kuchelewa siku kama hiyo kuna faini, na kuchelewa sana kunamaanisha mmedharau boma.

Musa ndiye aliyekata maneno. "Bwana Injinia, gari hiyo haiendi popote, hata mwizi hataiweza. Pandeni."

Mbele zilikuwa nafasi tatu: Musa, baba mdogo, shangazi. Nyuma kulikuwa na mbuzi.

Wakuu, nilipanda nyuma na suti yangu ya Gaborone. Beberu mmoja alinikanyaga kiatu, mwingine akaanza kuitafuna tai. Nilimpokonya, akarudi. Mpaka tunafika tulikuwa tumeelewana, yeye upande mmoja wa tai, mimi upande wa pili.

Kwenye geti la kina Njoki akina mama walikuwa wameshafunga njia wakiimba hadi walipwe, kama inavyotakiwa. Wakatuona. Wimbo ukakatika.

Mama mmoja akachungulia nyuma ya pickup. "Haiya! Mmeleta mbuzi wangapi? Na huyu wa suti naye tumhesabu?"

"Huyo mhesabuni," shangazi akajibu kutoka mbele. "Ndiye mnono kuliko wote."

Vigelegele hivyo sijawahi kuvisikia tena. Geti likafunguliwa na hawakututoza karibu chochote. Wanasema mtu akicheka hawezi tena kukaza mkono.

Ndani, mambo yakawa mazito. Kwa desturi bwana anayeoa hasemi kitu, anasemewa. Kwangu mimi hiyo ni adhabu, mnanijua. Nikakaa, tai yangu imebaki nusu.

Baba mkubwa wa Njoki, Mzee Gatimu, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Mzee mrefu, mkali, kofia ya manyoya. Salamu zikaisha, chai ikanywewa, akakohoa.

"Tumesikia kijana wenu ana gari la magurudumu ya ajabu. Mbona hatulioni?"

Nilitaka kumweleza kila kitu, size, kampuni, hata rangi yake. Baba mdogo akaniwekea mkono gotini na kulibana.

"Kijana alisema kwamba leo ni siku ya mbuzi," akajibu polepole. "Akaamua kuja nao mwenyewe, wasiumie njiani."

Kwamba gari lilikuwa limekaa chini kando ya barabara, hakulitaja. Hakuulizwa.

Mzee Gatimu akamgeukia baba yake Njoki kama anayetaka kuanza jambo. Baba yake Njoki, mtu mpole, akaweka kikombe chini.

"Gatimu, mimi hilo gari sijaliona. Nimeona kijana na mbuzi. Tuhesabu tulichokiona."

Wakahesabu. Ilikuwa hesabu ya haki, na ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nilipoisikia nilivuta pumzi ndefu mpaka mzee mmoja akauliza kama kijana ana pumu.

Jioni, Njoki akiniosha vumbi mikononi, alinieleza kilichonipita. Alikuwa anasikiliza wazee kutoka jikoni tangu wiki iliyotangulia. Mzee Gatimu alikuwa ameenda mpaka Thika kuuliza bei ya tairi za size yangu. Akaizidisha kwa nne, akaongeza rim, akaigeuza yote kuwa mbuzi. Alipanga kuanzia hapo. Hoja yake ilikuwa: anayeweza kukanyaga barabara kwa bei ya mbuzi wote hao, hawezi kukataa kuwaleta kwa binti yetu.

Na hoja hiyo, wakuu, hata diploma yangu isingeipangua. Lakini alihitaji gari lisimame pale uani, rim zikimulika macho ya kila mzee. Lile shimo la Gatuanyaga ndilo lililonipa mke.

Siku chache baadaye nililivuta gari hadi karakana nikafanya kazi niliyosomea. Nilifungua mlango wa dereva, nikasoma kibandiko cha kiwanda. Gari lile lilizaliwa na 14, matundu matano. Mwenye gari wa kwanza ndiye aliyepandisha. Nikatafuta rim za chuma za 14, nikamwendea Mama Shiku, akanivalisha yote manne na spare juu, na pesa ikabaki. Urefu wa gurudumu zima ukawa uleule wa kiwandani, spidi ikasoma sawa, na mashimo nikaanza kuyapita nikipiga mluzi. Rim nne zilizobaki nzima nilimuuzia jamaa wa Nairobi aliyekuwa na haraka ya kuonekana.

Na teksi mpya za Thika zilikuwa zimeanza kuwa za aina ile, na 14 zake za kiwandani. Ghafla kila mtu akawa na spare ya kuniazima, na mimi nikawa nayo ya kuwaazima.

Baada ya harusi tulienda kusalimia Gatuanyaga. Baba mkwe alikuwa na saloon yake kuukuu ya kampuni ileile, imeinuliwa na jeki uani. Akaja kwenye gari langu, akalizunguka.

"Ndilo hili walilokuwa wanalisema?"

"Ndilo, baba."

"Mbona magurudumu ni kama yangu?"

"Ni kama yako kabisa."

Akafurahi. Nikafungua buti, nikamtolea spare yangu, nikamfungia mwenyewe kwa mikono yangu. Aliniahidi kunirudishia siku ya soko. Siku za soko zimepita nyingi sana na sijawahi kuidai, wala yeye hajawahi kuitaja. Kila nikienda naiona iko pale, nyuma upande wa kushoto, naingia ndani kunywa chai.

Kwa hiyo wewe kijana wa 19: kabla hujalipa, uliza bei ya tairi moja, si rim. Halafu simama barabarani unapoishi uhesabu ni magari mangapi yanaweza kukuazima spare. Kama ni sifuri, basi unanunua upweke.

Na kama unaoa mwaka huu, gari liache nyumbani.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Walioteswa na size kubwa semeni bila aibu. Wanaozitetea pia karibuni, ila mtaje bei ya tairi moja.