Zamu Yangu ya Kuitaja Ardhi

Nasoma chuo kikuu cha ng'ambo kupitia kompyuta, chumbani kwa bibi yangu hapa Kandara, Jeddah. Mwalimu wetu ana desturi: kila kipindi mwanafunzi mmoja hufungua kwa kuitaja ardhi anayokaa na wenyewe wa asili walionyang'anywa. Zamani wanafunzi walisoma aya iliyoandikwa na chuo. Mwalimu akachoka na kasuku. Sasa kila mtu aseme la kwake, na awataje watu kwa majina.

Zamu yangu ilipokaribia nilianza kukasirika. Nimezaliwa Jeddah, lakini ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, inahuishwa kama ya mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuna miaka sitini na jembe hatujaliona. Nilimpigia mjomba wangu wa Riyadh, akacheka, akaniambia nishukuru tu na halas, nisijitafutie balaa.

Basi nikaamua kueleza shamba la mikarafuu ambalo bibi aliliacha Unguja akiwa msichana, mwaka ule wa mapinduzi. Nyumba yetu nzima imelililia shamba lile. Walionyang'anywa ni sisi, na nilijiona nina haki ya kuwafundisha wenzangu kidogo.

Nilipomwuliza bibi habari za shamba hilo, alifurahi hadi akaacha kuchambua mchele. Akanieleza kisima, njia ya gari la punda, minazi ya mpakani. Nikamwuliza, kwa kuwa mwalimu angeuliza, ni nani waliokuwa pale kabla ya babu yake kulipata.

"Watu wa pale pale," alisema. "Wakikaa vibandani, wakitupalilia mikarafuu. Mmoja ndo alonilea mimi."

"Jina lake nani?"

Bibi alikumbuka kovu la mkononi mwa yule mama, na wimbo aliokuwa akimlaza nao kila siku. Jina hakulipata.

"Tukimwita yaya," alisema mwisho, akalirudia sinia lake la mchele. Niliona haya, na nilimhurumia pia.

Alasiri ya zamu yangu nilizungumza dakika moja. Nilisema nipo kwenye ardhi niliyozaliwa na bado ni mgeni, na kwamba shamba tunalolililia lilikuwa na wenyewe ambao hatukuwahi kuwauliza majina. Mwalimu akanishukuru kwa ukweli wangu, akaingia kwenye somo. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Nilitamani mtu anigombeze, lakini hakuna aliyejisumbua.

Muda wote bibi alikuwa amekaa kitandani, pembeni ya kamera, amevaa mtandio wake mzuri. Kiingereza hakijui. Nilipofunga kompyuta aliniuliza kama nimelitaja shamba.

"Nimelitaja, bibi."

"Na umewaambia kuwa ni letu?"

Nikamwambia nimewaambia. Akainua mikono, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.