Mtani Aliyekalia Mbuzi ya Marehemu

Jumatatu mke wangu alikuwa uani, hapa Temeke, akikuna nazi. Jirani yetu wa chumba cha pili, mama wa Kizaramo, akamcheka: "Ewe Mnyamwezi, nazi hiyo unaikuna au unaibembeleza?"

"Nikifa, mtani wangu, mbuzi hii utairithi wewe."

Alhamisi tulimzika mke wangu. Homa haikutupa nafasi.

Kwa siku mbili sikulia wala sikula. Majirani walinihimiza, nami nikawa naitazama sahani tu. Ndipo yule mtani akatoka chumbani amejifunga kanga ya marehemu, akaikalia mbuzi yake mbele ya wafiwa wote, akanikemea kwa sauti ile ile ya mke wangu kila aliponikuta nasoma wakati wa chakula: "Baba, weka gazeti chini ule! Au nikulishe kama mtoto?"

Karani mmoja Mchaga, mpangaji mgeni, aliruka kutoka mkekani. "Mama, una wazimu? Huu ni msiba!"

"Kaa chini, mwanangu. Mie mtani. Hii ndiyo kazi yangu msibani."

Nilicheka. Kicheko kikageuka kilio, na kilio kilipokwisha, nikala.

Chuo kikuu mwalimu wangu alitufundisha kwamba makabila mengi hayawezi kukaa nyumba moja kwa amani. Nadhani hakuwahi kupanga chumba Temeke.

Asubuhi iliyofuata niliikalia mbuzi mwenyewe, nikakuna nazi nzima, vibaya sana, nikampelekea yule mama pamoja na mbuzi yake.