Meza ya Kucha Zilizovunjika

Mteja aliuondoa mkono wake mezani kabla Arlène hajaanza kidole cha tatu. Alikuwa mama wa heshima wa pale pale mtaa wa Area 47, Lilongwe, amezoea kuja saluni kila mwisho wa mwezi kubandikwa kucha ndefu za rangi ya divai. Siku hiyo hakuwa akizitazama kucha zake. Alikuwa akizitazama za Arlène: zimeinuka ncha, zimegeuka njano, moja imepasuka katikati, na ngozi ya kuzizunguka imechubuka na kutoa maji.

“Huo ugonjwa unaambukiza?” aliuliza kwa Kichewa, kwa sauti ya chini.

Arlène alisema hapana, ni baridi tu. Ulikuwa mwezi wa sita na baridi ya Lilongwe ilikuwapo kweli. Lakini yule mama aliomba radhi, akachukua mkoba wake, akaondoka na vidole viwili vyekundu na vinane vitupu.

Mwenye saluni, Mayi Mbewe, hakugomba. Alikaa kwenye kiti alichokiacha mteja, akaishika mikono ya Arlène, akaigeuza huku na huku. Kisha akasema, “Nenda hospitali, mwanangu. Ukipona urudi.” Arlène aliisikia sauti ile akajua kwamba kiti chake kimeshapata mtu mwingine.

Kazi hiyo alijifunza Bukavu, kwenye saluni ya shangazi yake mtaani Nyawera, enzi wanawake wa mjini walipokuwa wakipanga foleni siku za Jumamosi na shangazi akiwapigia kelele wasitikise meza. Vita vilipomtoa kule, yeye na mume wake Bisimwa walifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na begi moja la nguo. Bisimwa alijua kushona, akapata cherehani kupitia kanisa. Arlène hakuwa na kitu isipokuwa vidole vyake. Mayi Mbewe alimwona akiwapamba wasimamizi wa harusi moja kambini, akampenda, akamchukua. Tangu siku hiyo Arlène alikuwa anapanda minibasi Jumatatu, analala chumba cha nyuma cha saluni, anarudi kwa mume wake mwisho wa juma. Alikuwa akibandika kucha kutwa nzima, gundi na unga na jeli, bila glavu, kwa sababu glavu humnyima mtu kuhisi. Mwasho ulipoanza alidhani ni sabuni.

Likuni, katika hospitali ya misheni, muuguzi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza anafanya kazi gani, akatikisa kichwa.

“Si fangasi hii,” alimwambia. “Ni ile gundi na ule unga. Mwili wako umevikataa. Na ukishavikataa, ndiyo basi. Hata upumzike mwaka mzima, siku utakayovigusa vidonda vitakurudia vibaya zaidi.”

“Nikivaa glavu?”

“Hizi nyembamba hupenyeza. Mama, tafuta kazi nyingine.”

Njiani kurudi Dzaleka Arlène alikaa dirishani, mikono ameificha ndani ya kitenge. Alijaribu kufikiria kazi nyingine anayoijua, akafika njia panda ya kambi bila kuipata hata moja.

Bisimwa alikuwa akishonea kwenye baraza la duka, karibu na soko. Aliposikia habari alisogeza cherehani upande mmoja ili mke wake apate nafasi ya kuweka meza ndogo. Maana Arlène alikuwa na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya. Kucha ndefu zimemkataa, sawa. Lakini je, kambi hii yote haijajaa kucha fupi? Wanawake wanaofyatua matofali, wanaofulia watu nguo, wanaolima mashamba ya Wamalawi kwa kibarua, wote kucha zao zimekatika, zimekauka, zimechanika kama magamba. Hizo hazihitaji gundi. Zinahitaji kukatwa fupi na kuviringishwa ncha, kusuguliwa kwa tupa laini kuelekea upande mmoja tu, kulowekwa kidogo, kupakwa mafuta mpaka kwenye shina. Ukucha wenye ufa hubandikwa kipande cha karatasi ya mfuko wa majani ya chai, kisha hupakwa rangi isiyo na rangi juu yake, tabaka kwa tabaka, ukashikilia mpaka ufa ukue na kukatwa. Na kama mtu anataka urembo, basi rangi hafifu, ya maziwa au ya waridi, kwa sababu rangi kali huonyesha ufupi na hafifu huuficha. Haya yote shangazi alimfundisha, na Area 47 hakuna aliyewahi kuyataka.

Bisimwa alimwandikia kibao kwa rangi ya bluu: TUNATUNZA KUCHA FUPI, DHAIFU NA ZILIZOVUNJIKA.

Watu walikisoma. Wengine walicheka, si kwa ubaya. Mama mmoja wa Fizi aliyekuwa akitoka shambani alisimama na jembe lake begani, akainua mikono yake yote miwili.

“Mama, hizi zangu ukizitunza leo, kesho nitachimba na nini?”

Ndivyo ilivyokuwa. Wenye kucha zilizovunjika hawakuwa na nafasi ya kuziwazia, na wenye nafasi walitaka ndefu, za kumeremeta, kama wanazoona kwenye simu. Hao walipita mbele ya meza ya Arlène wakaenda saluni ya ng’ambo ya njia, ambako walibandika chochote kwa yeyote. Meza ilikaa bila mteja. Vumbi la soko lilishuka juu ya vichupa, Arlène akavifuta, likashuka tena. Vidole vyake, kwa kuwa havikugusa gundi, vilianza kupona. Hilo tu ndilo lililokwenda vizuri.

Ndipo, mwaka mpya ulipoanza, akaja Sophie.

Alikuwa msichana wa Uvira, anatengeneza na kuuza sabuni na mama yake, na alikuwa ameposwa. Alikaa bila kusalimia vizuri, akaweka mikono mezani kama mtu anayeweka kitu alichokivunja. Kucha zake zilikuwa nyembamba kama karatasi, nyekundu katikati, zimechunwa.

“Nani alikufanyia hivi?” Arlène aliuliza.

“Nilibandika kwa sikukuu ya Noeli, kule ng’ambo. Zilipoanza kutoka, nilizivuta.”

“Ulizivuta na mikono?”

“Na meno, yaya,” alisema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamjia. “Harusi yangu iko karibu. Mi nafanya namna gani?”

“Hakuna kubandika. Ukinisikiliza, siku ya harusi zitakuwa fupi, lakini zitakuwa zako. Sabuni unapika na mikono mitupu?”

“Njo vile, mitupu.”

“Basi nunua glavu nzito, zile za kufulia. Na kila ukilala, mafuta. Ata ya kupikia, iko sawa.”

Sophie alisikiliza. Alirudi juma lililofuata, na lililofuata tena. Arlène alimkata, akamsugua, akambandika karatasi za chai kwenye nyufa, na waliongea juu ya Uvira na juu ya bwana harusi, fundi seremala mpole ambaye sauti yake haikusikika hata akiita mbuzi. Ukucha mpya ulianza kuchomoza kutoka kwenye shina, mgumu, wa waridi, mstari mwembamba kila kidole. Sophie alikuwa akiwaonyesha watu sokoni. Kwa sababu yake wakaja wanawake wengine wawili watatu. Arlène alianza kuimba tena akipika, na Bisimwa alilisikia hilo asiseme neno, akiogopa asije akalikatisha.

Harusi ilipobaki siku chache, Sophie alifika na mtu. Alikuwa Gabriella, dada mkubwa wa bwana harusi, anayefanya biashara ya nguo Lilongwe na ndiye aliyekuwa amebeba gharama nyingi za sherehe. Alimshika Sophie mkono, akautazama, akauachia.

“Mama, asante kwa kumusaidia,” alimwambia Arlène. “Lakini batu batapiga picha. Picha zitafika Uvira, zitafika Amerika kwa bajomba. Bibi harusi wa mdogo wangu aonekane na vidole vya kufulia? Tunataka ndefu, nyeupe, na mawe ya kumeremeta. Ye na basimamizi bote. Nasikia we ulikuwa unafanyia bakubwa Area 47.”

“Mi siwezi tena,” Arlène alisema. “Gundi inanikatala. Na zake bado hazijakomaa. Ukibandika sasa, zitatoka na nyama.”

“Basi tutaenda ng’ambo.”

Gabriella alishasimama. Sophie hakusimama. Aliinama juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini, “Yaya Arlène, kama si we, batanipeleka kule kule kwenye baliniharibu. We walau unajua namna ya kuzitoa. Fanya we. Nakuomba.”

Arlène aliangalia vichupa vyake. Tangu ilipowekwa, meza ile ilikuwa haijaweza hata kununua sabuni ya nyumbani, na unga wao wa ugali ulikuwa umefika chini ya mfuko. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu: aliposikia Area 47 ikitajwa mbele ya watu, moyo wake ulipanda. Akasema ndiyo.

Bisimwa alingoja mpaka wageni walipokwenda. Alizima cherehani.

“Muganga wa Likuni alikuambia nini?”

“Ni siku moja tu, Bisimwa.”

“Alikuambia siku moja iko sawa?”

Arlène akaanza kuvipanga vichupa. Bisimwa akawasha tena cherehani, na jioni yote walizungumza habari za chumvi na maji tu.

Siku yenyewe Arlène alivaa glavu mbili mbili, akafunga kitambaa puani, akaweka meza nje upepo upite. Alianza na wasimamizi, akamalizia na bibi harusi. Na tuseme ukweli, kazi aliyoifanya siku ile Dzaleka ilikuwa haijaiona. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Kucha zilitoka nyembamba, zimepinda vizuri, nyeupe kama maua ya harusi yenyewe, na mawe madogo yamepangwa kwenye kidole cha pete. Gabriella aliita watu waje waone. Sophie alinyoosha vidole mbele ya uso wake, akatabasamu, na kwa kitambo kidogo Arlène naye alitabasamu. Alipovua glavu, ile ya ndani ilikuwa imegandia kwenye kidole gumba.

Asubuhi ya harusi macho yake hayakufunguka. Kope zilikuwa zimevimba mpaka zikagusana, na mikono ilikuwa inawaka. Alilala kando ya ukuta, akasikia kwaya ikipita na ngoma kuelekea kanisani, akasikia vigelegele. Bisimwa alikaa naye, akimloweshea vitambaa kwa maji ya baridi, ingawa suti ya bwana harusi aliishona yeye na alikuwa amealikwa kwa jina. Baada ya siku chache vidole vilipasuka. Kisha kucha zikaanza kutoka, moja moja, bila hata maumivu makubwa.

Sophie alikuwa ameahidi kuja baada ya harusi, zilowekwe na kutolewa kwa taratibu. Hakuja. Nyumbani kwa mama mkwe bibi harusi hakai na vidole juu. Kuna maji ya kuchota kwenye bomba, kuna sufuria, kuna nguo za watu wote. Ukucha wa kwanza ulikatika akisonga bugali, ukaondoka na ule wa chini yake. Alipofika kwa Arlène hatimaye, alikuwa na vidole vitatu vilivyofungwa vitambaa, na hakuweza kumtazama machoni. Kisha akaiona mikono ya Arlène juu ya kitenge, akaketi chini.

“Yaya. Ni juu yangu?”

“Hapana. Ni mi mwenyewe.”

“Zangu zitarudi?”

“Zitarudi. Zikate fupi, usiziache zikae majini, paka mafuta. Itachukua miezi mingi, lakini zitarudi.”

“Na zako?”

Arlène alisema hajui, na hakudanganya. Alitaka kumfungulia vile vitambaa amwoshe vidonda, lakini vidole vyake havikuweza kushika fundo. Bisimwa ndiye aliyefungua. Sophie alikuja mara nyingine moja tu, kisha mume wake akapata kazi ya useremala Dowa mjini, wakahama, na habari zao zikawa za kusikia tu.

Sasa Arlène hawezi kumenya muhogo, hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na chumvi ikimgusa anaruka. Kucha zilizoota tena ziliota nene na kupinda, vidole vingine havikuota kitu. Jirani humfulia. Tupa na vikata kucha aliviuza kwa saluni ya ng’ambo, na meza Bisimwa huwekea vitambaa vya wateja. Kila asubuhi huenda naye barazani, kwa sababu kubaki nyumbani peke yake ni kubaya zaidi, akakaa kwenye kiti, mikono ndani ya kitenge.

Juzi mwanamke mmoja wa Bukavu, mgeni kambini, alisimama mbele yake, akamwambia ameelekezwa kwamba hapa kuna mtu wa kucha. Akanyoosha mkono. Zilikuwa zimechanika, mbovu sana, lakini za kutunzika. Arlène alimweleza yote kwa mdomo, namna ya kukata, mafuta, karatasi ya chai, rangi ya maziwa. Yule mwanamke alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Asante, mama,” alisema. “Na za kubandika, banafanyia wapi?”

Arlène hakutoa mkono kuonyesha. Alielekeza kwa kidevu, ng’ambo ya njia, na yule mwanamke akavuka.