Vua Bangili Kabla ya Kushika Betri

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno, mwanangu, kwenye karakana ya mashamba ya ngano ya serikali huku Hanang. Nakusimulia tena, na nimechoka kusimulia, maana jana nimemkuta kijana dukani kwangu, ninapochaji betri za watu, ameinamia betri na saa ya chuma mkononi. Namwambia avue, ananijibu, "Shikamoo mzee, volti kumi na mbili haziui." Salamu nzuri, kichwani hakuna kitu.

Mimi darasa la saba sikulimaliza. Lakini leo, toka Dirma hadi Haydom, trekta likigoma naitwa mimi, na waliosoma wananishikia tochi. Hayo sikuyapata kwa ubishi.

Rafiki yangu Gidamis alikuwa fundi mzuri, karibu anishinde, na hilo silisemi mara nyingi. Alivaa bangili ya shaba aliyovishwa na marehemu baba yake. Mzee Bura, mkuu wa karakana, akamwambia aivue kabla ya kufunga betri. Gidamis akashika nguzo zote mbili za betri, ya chanya na ya hasi, kwa mikono mitupu, akacheka.

"Mzee, mbona hainiumi? Hata siafu ana nguvu kuliko hii."

"Ngozi yako inaukataa huo umeme. Shaba haiukatai. Vua, au ondoka kwenye trekta langu."

Hakuvua. Aliisukuma juu kidogo tu, kuelekea kiwiko.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mnaponichosha. Ndani ya betri kuna vibao vya risasi vilivyozama kwenye asidi. Upande mmoja umeshiba, wa pili una njaa, na chuma chochote kinachogusa pande zote mbili ni barabara. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi, kwa hiyo trekta zima, mpaka bolti ya mwisho, ni hasi. Bangili ikateleza, ikagusa nguzo ya chanya huku imelalia bodi. Ikawa nyekundu palepale, mkononi mwake. Mzee Bura akaupiga ule mkono kwa mpini wa jembe, ukaachana na betri. Bangili tuliikata kwa msumeno wa chuma.

Hospitali ya Haydom walimtibu, lakini kiganja hakikukunjika tena. Mpaka leo ng'ombe wake wanakamuliwa na wengine, yeye amesimama anaangalia.

Kwa hiyo vua saa, vua pete, vua mkufu. Ukifungua nyaya za betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Hutaki, kachajie kwingine.

Mungu akupe uzee, mwanangu, na akufikishe huko na vidole vyote kumi, vyote vinakunjika.