Mtoto Keshaoga

Miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanzishwa kisiwani kwetu, wageni wa kuzamia walipoanza kuzoeleka kijijini Utende, nilikuwa nauza vitu vya kale Kilindoni: taa za mafuta, mizani, chupa. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, maana mteja akishika kimoja, jicho lake liko kwa kingine.

Siku moja, katika stoo ya duka la Mhindi mmoja, nikapata bati la tangazo la sabuni la enzi za mkoloni. Kachorwa mtoto mweusi ndani ya beseni, midomo kama vipande vya papai, mkono wa Mzungu unamsugua. Chini yake ni yuleyule, ametoka mweupe mpaka shingoni. Nikacheka. Nikalitundika barazani kwa shangazi yangu, nilikokuwa nikiishi, nimngoje mnunuzi.

Shangazi alikuwa msusi wa mikeka. Alitoka ndani akasimama mbele ya bati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto wa nani huyu?"

"Si wa mtu. Tangazo tu."

"Kila mtoto ana kwao. Na hayo maneno?"

Nikamfasiria: sabuni hii hung'arisha hata mweusi. Kwa Kizungu lilinichekesha. Kwa Kiswahili, mbele ya shangazi, kicheko kilinikauka.

Shangazi akaloweka ukindu. Wiki nzima akasuka, akashona kimkeka, akalifunika bati kuanzia shingo ya mtoto wa juu kwenda chini: sabuni haipo, mkono haupo, mtoto mweupe hayupo. Midomo akaipunguza kwa rangi ya mikeka, ikawa midomo ya mtu. Kwenye kimkeka, herufi nyekundu: MTOTO KESHAOGA.

Mgeni wa Utende akaja, akatazama, akapiga makofi. "Hii sanaa ya kisasa!"

Aliposema sanaa nilipandisha bei. Aliposema ya kisasa, nikaipandisha tena. Akakubali! Nikanyoosha mkono kulitungua bati.

"Wee! Unampeleka wapi?"

"Kapata mteja, shangazi."

"Juzi wamsugue, leo wewe umtie mnadani? Mtoto hauzwi. Mpe mgeni chai."

Mgeni akanywa chai, akaondoka na taa ya mafuta yenye kutu.

Bati lingali pale. Wanaopiga hodi huuliza mtoto wa nani. "Wangu, wa tano," shangazi hujibu.

Watoto wake nimewahesabu mara mbili: wanne. Sibishani naye.