Kuinama kwa Mama Mikanda

Mwenye karakana ile ya mabegi ya shule, ambaye watu walimwita Mama Mikanda, alijifunza kazi ujanani kwa fundi wa Kijapani aliyeletwa kufunga mashine. Begi likiharibika, yule mzee hakuuliza nani. Aliuliza kwa nini. Kosa likimfikia mteja, aliinama yeye, mkuu wa kazi, mgongo umenyooka kama ubao. Mama Mikanda alipofungua karakana yake aliyashika hayo kama sala. Juu ya mashine alipitisha kamba nyekundu: mshonaji akiona kasoro aivute, kazi isimame, na Mama Mikanda aje mwenyewe kumwambia asante.

Goti lilipomshinda, usimamizi akamwachia mwanawe.

Asubuhi moja akaenda kuchungulia. Mashine zilikuwa zimenyamaza. Katikati ya chumba mshonaji waliyemwita Kimya, mwanamke mwenye wajukuu, alikuwa ameinama mbele ya mwalimu mkuu wa shule moja, na miguuni pao rundo la mabegi yaliyokatika mikanda.

"Chini zaidi," kijana wake alikuwa akisema. "Halafu kachukue vitu vyako, kazi huna."

Mwalimu mkuu alitazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Mama Mikanda akajitoma ndani. "Inuka, dada! Mchezo gani huu?"

"Mambo yako haya, Mama. Heshima ya Kijapani. Si uliinama miaka yote?"

"Niliinama mimi! Ulishaniona nimemwinamisha mtu?"

Akaokota begi, akavuta uzi. Ukakatika kama utando wa buibui. "Kwa nini uzi huu?"

Watu wakatazama dari. Kimya ndiye aliyejibu. "Ni uzi mpya wa bei rahisi, Mama. Tuliuona tangu siku ya kwanza. Ila kamba hatuifikii."

Kweli, kamba ilikuwa imeviringishwa kwenye msumari, karibu na bati.

"Walisimamisha kazi kila saa," kijana akasema. "Hapa karakana au kijiwe cha porojo?"

"Umewaziba midomo, sasa unawaadhibu kwa kunyamaza!"

Akashika meza, akainama, goti likilia. "Mwalimu, kosa ni la nyumba hii. Tutashona upya." Akamgeukia Kimya, akainama chini zaidi. "Nisamehe, dada. Kazi yako ipo palepale." Kisha kwa mwanawe: "Zamu yako."

"Mbele ya wafanyakazi? Unanidhalilisha, Mama!"

"Na yeye ulimdhalilisha mbele ya nani? Mbele ya kuta?"

Kijana akabwaga funguo mezani, akatoka. Mtu akacheka kule nyuma.

"Hakuna cha kucheka!" Mama Mikanda akafoka. "Huyo nimemlea mimi."

Akavuta kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua mkanda wa kwanza. Kwa hasira alikata ovyo hata akachana kitambaa. Kimya akamnyang'anya wembe taratibu.

"Pumua kwanza, Mama. Utatumalizia hata mabegi yaliyo mazima."